Mkanda wa Bi Harusi

Jumatatu, 21 Aprili

Inatangazwa kwa masikitiko makubwa kwamba leo, saa moja na dakika kumi asubuhi, kifungo cha mwisho cha suruali yangu ya kazi kimefariki dunia. Kimefia kazini. Nilikuwa nimeinama kuinua ndoo ya pumba, tumbo likasema lake, kifungo kikaruka na kumgonga Sultani puani. Marehemu ameacha suruali moja, kipande cha kamba ya katani kilichoshika nafasi yake, na mwanamume wa miaka hamsini na mbili. Msiba uko bandani. Hakuna chakula.

Baada ya mazishi kazi imeendelea. Farasi wawili wa hoteli. Sultani, dume aliyehasiwa, mzee, anaogopa kila kitu mpaka ndala. Bi Harusi, jike jeupe, mwendo wake kama anatolewa ndani na makungwi na anachunga hina isifutike. Nimewapiga brashi, nimekwangua kwato, nimewapa majani. Hoteli haina mgeni hata wa dawa. Mvua. Barabara ya kutoka Nangurukuru inakatika na kurudi kama mtandao wa simu yangu.

Somoe amecheka habari za kifungo mpaka akakaa chini. Huyu ndiye mke wangu, mwaka wa ishirini na sita sasa. Kasema atashona kingine nikipunguza tumbo. Yaani hatashona.

Halafu akakifuta vumbi cheti, kama kawaida yake kila Jumatatu. Cheti cha Arusha, mafunzo ya siku mbili ya kuokoa wanyama wakubwa waliokwama. Mama Doreen, mwenye hoteli, ndiye aliyenipeleka, mwaka juzi. Kiko kwenye fremu, juu ya televisheni. Kwa karatasi ile mji mzima wa Masoko unaniita Mtaalamu.

Nina neno kuhusu cheti hicho. Si leo.

Jumatano, 23 Aprili

Chande kaja kunichukulia kitu tena. Siwezi kuandika kaniibia. Ni mtani wangu wa kurithi. Babu yake na babu yangu walichukuliana kuku, wakatukanana, wakazikana. Mtani akibeba kitu chako unacheka. Ukinuna umevunja utani, ukikidai umejiaibisha. Subira tu, mpaka siku utakapobeba chake. Mwaka jana nilibeba jogoo wake, tukamla kwa wali wa nazi. Alipita tukiwa katikati ya kula. Akaomba paja.

Chande ni fundi mashua. Leo kabeba mkanda.

Si mkanda wa suruali, ingawa huo nao ningeuhitaji. Ni ule wa kuokolea farasi: mpana viganja viwili, mgumu, una pete za chuma huku na huku. Mama Doreen aliununua Arusha siku zile zile za cheti. Una msumari wake stoo, na hakuna kingine kinachoruhusiwa kutundikwa pale. Chande ana injini ya kushusha kwenye mashua huko Kisiwani, ng'ambo ya maji. Akauvua msumarini, akajifunga juu ya kikoi kama bingwa wa ndondi, akanigeukia.

"Mtaalamu, farasi wako wana miguu minne kila mmoja. Injini yangu haina hata mmoja."

Nikacheka. Kweli nilicheka, alikuwa anachekesha.

Msumari umebaki mtupu. Nimetundika kofia yangu.

Ijumaa, 25 Aprili

Daktari Zuhura kaja kukagua kwato. Daktari wa mifugo, anakaa Nangurukuru. Umri wake sawa na binti yangu Fatu. Shikamoo yake ya adabu kabisa, na ukishaitikia marahaba anaanza kukuamrisha kama mama mkwe. Huyu ndiye mwenye mafunzo ya kweli ya uokoaji. Ana wenzake wawili waliosomea pamoja naye, wakiitwa wanakwenda wote watatu.

Hapendi uwanja wetu wa chini. Anasema uko karibu mno na mikoko, na mvua hii ikiendelea udongo utalainika mpaka juu. Alikuwa anazungumza huku kashika mguu wa Bi Harusi mapajani. Kukitokea jambo, napiga simu kwanza. Si kujaribu halafu kupiga. Kupiga, halafu kungoja. Kakariri mara tatu, kama mtu anayenijua.

Mwisho akauliza mkanda upo. Nikasema upo.

Hakwenda kuangalia. Ananiheshimu. Kofia ilikuwa inaning'inia pale stoo, niliweza kuiona kupitia mlangoni.

Ningeanzaje? Nimweleze mtoto wa watu kutoka Singida habari za jogoo na babu zetu? Angeziandika kwenye ripoti, Mama Doreen angezisoma. Na nikimfuata Chande nikamdai, kesho gengeni kwa kahawa nitaimbwa mpaka Idi.

Utarudi wenyewe.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua kutwa. Nguzo mbili za uzio wa chini zimelala. Nimezisimamisha, nimezifunga kamba. Zinasimama kama mimi baada ya futari.

Nimekutana na Chande sokoni. Nilitaka kuuliza mkanda. Nikauliza injini imeshuka salama. Imeshuka. Basi.

Bamvua imeanza. Maji yanapwa mbali sana, na yakirudi yanarudi yote.

Jumanne, 29 Aprili

Mikono bado ina tope. Nitaandika hivyo hivyo.

Asubuhi nilimkuta Sultani kona ya juu ya uwanja, peke yake, kalowa jasho. Nguzo chini. Nyayo zinaelekea mikokoni.

Bi Harusi alikuwa katikati ya mkono wa bahari, pale wanawake wanapochimba chaza. Nyuma kazama mpaka kiunoni. Mbele mpaka magotini. Kimya. Nilidhani farasi aliyekwama hupiga kelele. Huyu alinyamaza tu, masikio yamelala, anahema. Nilipomfikia alinyoosha shingo akanusa mfuko wa shati langu, ninapoweka kipande chake cha muwa.

Maji yalikuwa mbali, huwezi hata kuyasikia. Lakini pale alipokwama, saa kumi alasiri mashua hupita bila kugusa chini.

Nilipiga simu. Daktari hakupoteza neno.

"Asivutwe, mzee wangu. Hata wakija watu mia wenye huruma, asivutwe. Tope limemshika nyuma. Mkivuta mbele, kiuno kitaachana. Kaa kichwani kwake, mfunike macho, ongea naye. Watu wakae mbali. Mkanda unao?"

Nikasema ninao.

"Basi, mkanda wetu tunauacha. Kalavati limekatika, gari halipiti, tunakuja na pikipiki. Tutabeba dawa na bomba la kulegezea tope tu."

Hapo ndipo ningesema. Nimeiandika sentensi hii mara mbili nikaikata. Sasa nimeiacha.

Nikatuma watu wamwite Chande. Alikuja mbio na mafundi wake na wavuvi, wanaume kumi na wawili na kamba ya kuvutia mashua. Nilipomwambia kuhusu mkanda hakutania. Mara ya kwanza katika maisha yangu. Uko Kisiwani, kwa shemeji yake. Na mashua zote, huko na huku, zimelala ubavu mchangani. Hakuna cha kuelea. Mkanda hauwezi kuja mpaka maji yajae.

Maji yale yale.

Alimpigia shemeji yake, akamwambia aukalie huo mkanda ndani ya mashua, mashua ikinyanyuka tu aondoke.

Nilivua shati nikamfunika macho Bi Harusi. Nikaongea naye. Sikuwa na la maana. Nilimsimulia kifo cha kifungo. Nilimsimulia harusi yangu, jinsi nilivyokanyaga kanzu nikaanguka mbele ya kadhi. Kila nilipotulia alinisukuma kwa pua, nikaendelea.

Baadaye maji yakageuka. Ukingo wa povu, mwembamba, unakuja kati ya mizizi bila haraka yoyote. Ukafika kwenye mkia. Ukafika tumboni. Akaanza kutetemeka mwili mzima, na kila akitetemeka anazama kidogo.

Hawa ni watu waliozaliwa wakivuta mashua kwenye tope hilo. Mashua ikikwama wanaitikisa, wanaimba, wanavuta, inatoka. Hawajui chombo kisichotoka. Kamba ikapita shingoni na kifuani. Wakavuta.

Alinyanyuka. Hatua nzima. Tukashangilia, na mimi nikiwemo.

Halafu mlio. Ndani yake. Kama kuni mbichi inapopasuliwa. Hapo ndipo akapiga kelele.

Daktari alifika haijapita hata robo saa, yeye na wenzake wawili, matope mpaka mapajani. Hakufoka. Alisema, "Kamba chini," na wanaume kumi na wawili wakaiachia kamba kama ina moto.

Baada ya hapo niliona kazi inavyofanywa. Watu wote wakarudishwa nchi kavu isipokuwa wanne. Milango ya vyumba vya wageni ikang'olewa na kulazwa juu ya tope, wakawa wanatembea juu yake. Sindano shingoni, kichwa kikalegea, akaacha kupigana. Pampu ya maji ya bustani, ile ya petroli, ikaletwa, mpira ukaungwa kwenye bomba jembamba la chuma, wakaliteremsha kando ya mguu mmoja mmoja, maji yanaingia chini, tope linaachia. Polepole, kama unavyofumbua kiganja cha mtoto aliyelala na pipi mkononi.

Akaomba mkanda.  Chande ndiye aliyejibu kwamba unakuja na maji. Daktari aliniangalia.  Akageuka akaendelea na mguu wa pili.

Saa nane mashua ya shemeji ikatokea. Maji yalikuwa kifuani mwa Bi Harusi, mwenzake mmoja daktari kamshikilia kichwa juu ya bega asizame pua. Wakaupitisha mkanda chini ya kifua, nyuma ya miguu ya mbele, kwa fimbo yenye kulabu. Wakamlaza ubavu taratibu. Wale wale kumi na wawili wakaitwa, wakavuta mkanda kwa neno la daktari, shubiri kwa shubiri, akiteleza juu ya milango. Hakuna aliyeimba.

Saa tisa na nusu alikuwa kwenye nyasi. Watu walipiga makofi. Mimi nililia, na hapa sitanii.

Hakusimama.

Jumatano, 30 Aprili

Amelala bandani juu ya majani makavu. Tunamgeuza kila baada ya muda ili ubavu usioze. Watu sita. Anatusaidia kwa kunyanyua kichwa, maskini, anadhani hicho ndicho kizito.

Daktari hajarudi kwake tangu jana. Kampa dawa ya maumivu, kampapasa kiuno kwa muda mrefu sana akiwa amefumba macho. Tumpe siku mbili, kasema.

Nilimuuliza ni tope au ni kamba.

"Kamba."

Watu wanakuja kama kwenye msiba. Wanaleta muwa, wanaleta pumba, bibi mmoja kaleta uji. Wananishika mkono: pole, Mtaalamu, ulifanya uliloweza. Halafu wanatikisa kichwa kuhusu Chande. Papara ya mafundi mashua. Mtu kakatazwa na daktari, anavuta.

 Nilisema asanteni.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Nimefanya kazi.

Mama Doreen kapiga kutoka Dar. Kaomba nimweleze yote. Nikamweleza. Uzio ulilala kwa mvua. Mkanda ulikuwa umeazimwa kidogo. Watu walivuta kabla sijawazuia. Akanishukuru kwa kukaa na Bi Harusi muda wote majini. Akasema angekuwa mwingine angemkimbia.

Nikasema asante.

Mwenye mashua mmoja kaiondoa kazi yake kwa Chande, kaipeleka kwa fundi mwingine. Kasema hataki mtu asiyesikia la mtaalamu. Neno hilo hasa. Chande hakujitetea. Nilimpita gengeni asubuhi, akaniamkia vizuri, akaniuliza hali ya mgonjwa, akaniombea. Kwa adabu. Chande. Kwa adabu.

Nilitamani anitukane.

Bi Harusi kanywa maji nusu ndoo.

Ijumaa, 2 Mei

Alfajiri alijaribu kusimama. Mbele ilinyanyuka. Nyuma haikuwepo.

Daktari alimpigia Mama Doreen, wakazungumza kidogo. Halafu akatoka nje, akanawa uso, akarudi na sindano nyingine. Kaniambia naweza kutoka. Nikasema nakaa.

Kichwa cha Bi Harusi kilikuwa mapajani mwangu. Kizito kuliko nilivyodhani. Alinusa mfuko wa shati. Muwa ulikuwepo. Hakuutaka, alitaka kujua tu kama upo.

Nikamwambia upo.

Jumamosi, 3 Mei

Tumemzika nyuma ya uwanja wa juu. Chande alikuja na mafundi wake na majembe, bila kuitwa.

Huku kwetu mtani ana kazi yake penye mazishi. Anaingia kaburini anagoma kutoka mpaka apewe kitu. Anavaa nguo za marehemu, anamwigiza, anakulazimisha ucheke huku machozi yanakutoka. Baba yangu alipokufa Chande alilala kwenye jeneza akadai chai. Nilimchukia kwa dakika moja, nikampenda kwa miaka thelathini.

Leo nilingoja. Niliona wazi kabisa angeweza kufanya nini: ule mwendo wa hina, na shuka jeupe kichwani. Nilikuwa tayari.

Alichimba. Akasawazisha udongo. Akafuta jembe. Akaenda.

Sultani hali chakula. Anasimama kwenye uzio anaangalia chini.

Jumatatu, 5 Mei

Nimeingia stoo asubuhi, kofia yangu iko juu ya ndoo iliyofunikwa. Msumarini kuna mkanda. Umefuliwa, umekaushwa, umekunjwa vizuri, pete zimepakwa mafuta.

Nimekaa juu ya gunia la pumba. Mtani harudishi kitu. Tangu babu zetu, sijasikia mtani aliyerudisha kitu kabla na chake hakijabebwa. Anayerudisha ni mtu baki.

Nilipokwenda kunywa chai nikamwambia Somoe. Akaacha kumimina. "Mmefanyana nini?"

Basi niandike. Daftari hili hakuna anayelisoma, hata Somoe, kwa ajili ya mwandiko. Na bado nimelidanganya. Sijui nilikuwa namficha nani.

Arusha siku ya kwanza tulikaa darasani. Siku ya pili ndiyo ilikuwa ya vitendo: tope la kweli, ng'ombe wa kweli, mkanda wa kweli. Sikuwepo. Usiku nilikula nyama choma kilo moja na nusu, asubuhi nikashinda chooni gesti. Mchana nilikwenda kuchukua cheti, wakanipa. Kila nikikumbuka nilikuwa nacheka peke yangu. Hadithi nzuri. Sikumsimulia mtu hata mmoja.

Jumanne nilimkuta Bi Harusi saa mbili na nusu. Simu nilipiga saa nne na nusu. Kwenye daftari nimeandika tu kwamba nilipiga. Saa mbili nzima nilichimba kwa mikono na kwa sahani, nikijidanganya kwamba nitamtoa mwenyewe na daktari hatahitaji kuniuliza habari za mkanda. Walitumia saa mbili na robo kufika. Ningepiga papo hapo, wangemkuta maji yakiwa bado mbali. Ningesema sina mkanda, wangekuja na wao. Maneno mawili. Sina mkanda.

Na kamba.

Chande alikuja na kamba kwa sababu fundi mashua hatembei bila kamba. Aliishika ncha mkononi, hakuifunga. Wenzake walikuwa nyuma, mbali, hawakusikia. Akaniuliza, polepole, "Mtani, daktari kasema nini?" Aliniuliza mimi. Mimi ndiye mwenye cheti.

Maji yalikuwa yamefika tumboni. Bi Harusi alikuwa anazama na kunitazama, shati lilikuwa limeteleza machoni. Nilijua daktari kasema nini. Neno kwa neno nilijua. Lakini hofu ilikuwa imenijaa, nilitaka kitu chochote kitokee ili kungoja kule kuishe.

Nikasema daktari kasema tujaribu taratibu.

Akaniuliza tena kama nina hakika. Nikasema, "Vuteni."

Ni mimi. Chande aliwageukia wenzake akainua mkono, na hicho ndicho watu wote walichokiona. Wiki nzima mji unamtupia yeye lawama, na yeye kanyamaza kwa sababu ilikuwa siku yangu ya msiba, halafu kwa sababu alingoja niseme mwenyewe. Sikusema. Alichukua vitu vyangu vingi maisha yake yote. Hiki hakukichukua. Nilimtwika.

Nimekitoa cheti ukutani. Kimeacha mraba msafi. Mama Doreen nimempigia nikamwambia yote. Amesema atanijulisha kuhusu kazi. Daktari Zuhura nimempigia pia.  Kasema la mkanda alilijua siku ile ile. La kamba hakulijua. Kasema atakuja kuwafundisha wavuta mashua wote kazi ile, kwa vitendo, na mimi nitakuwepo siku ya kwanza na siku ya pili.

Adhuhuri nimekwenda kiwandani kwa Chande. Mafundi wake walikuwepo, na yule mwenye mashua alikuwepo, kaja kuchukua mbao zake. Nilisimama palepale kwenye maranda, nimevaa kofia yangu na suruali ya kamba, nikayasema haya niliyoandika hapa. Kwa mpangilio huu huu. Sauti ilikatika mara moja tu, kwenye lile neno "Vuteni."

Chande alikuwa anapiga randa. Hakuacha mpaka nilipomaliza. 

Akaja mpaka nilipo.  Hakucheka. Akanivua kofia, akaivaa yeye, ilimbana, akarudi kwenye ubao wake akaendelea kupiga randa.

Nimerudi nyumbani kichwa wazi na mvua inanyesha.

Sultani kala jioni. Kidogo.